Mtani wa Kwenye Video

Asubuhi moja mwaka huu, nikinyolewa mtaani Shanwe, kinyozi alinionyesha picha kwenye simu yake. Mzee Mwingereza, nyusi nene, mashavu yamelegea: mwigizaji, amefariki kwao. "Unamjua huyu, bro?" Nikamwambia huyo ni mtu wa nyumbani. Akacheka. Mimi nilichukua begi langu, nikapanda gari la kwanza lililokuwa linaondoka bila kuuliza linakwenda wapi. Ndiyo tabia yangu. Hata shule niliiacha hivyo hivyo, kwa kutaka kujua barabara inaishia wapi.

Utotoni, kijijini kwetu, kulikuwa na kibanda kimoja cha video, kuta za matete na paa la turubai, jenereta ikinguruma nje. Mtafsiri alikaa kando ya runinga na kipaza sauti, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na asipoelewa, alitunga. Yule Mwingereza hakuwa steringi, yule shujaa wa filamu, hata siku moja. Filamu hii ni mtumishi anamwaga supu, ile ni polisi kapoteza filimbi, nyingine ni padri anasinzia katikati ya mahubiri yake mwenyewe. Mtafsiri hakujua jina lake, akamwita Mtani. Kanda zilifika bila mpangilio. Wiki hii tulimwona ana mvi, wiki ijayo nywele nyeusi, na sisi watoto tukaamini Wazungu huzeeka kwa zamu.

Kisha babu akafariki. Tulikuwa tumehama na ng'ombe kutoka Usukumani, na watani wetu tuliwaacha huko. Wewe unajua msiba bila watani ulivyo. Hakuna wa kuvaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake, hakuna wa kulala kaburini akikataa kutoka mpaka apewe chochote. Babu alizikwa kimya kimya, na bibi akanyamaza tangu siku hiyo. Hakulia. Michembe ya viazi ilipoa kwenye sahani yake. Karanga alizozoea kubangua huku akiimba zilibaki kwenye ungo. Mama alianza kunong'ona kwamba tutazika wawili.

Mchana mmoja jirani yetu, mama wa Kikonongo asiyejua kunyamaza, alimshika bibi mkono. "Inuka wewe, ukakae na watu! Ukifia humu ndani nani atakubeba, na mifupa mizito hivyo?" Akamfungia karanga kwenye pindo la khanga, akamkokota hadi kibandani. Mimi nilibeba kigoda.

Siku hiyo ilikuwa filamu ya uzeeni mwa yule Mwingereza, alipoanza kupewa nafasi za huzuni. Alikuwa baba mgonjwa. Tulingoja aanguke, tucheke. Hakuanguka. Alilala, akafumba macho, wakamshusha kaburini. Steringi hafi, tulikuwa tunasema. Lakini yeye hakuwa steringi. Midomo ya bibi ilianza kutetemeka. Mtafsiri alimwona. Kipaza sauti kikakwaruza, kisha akasema, "Huyu hajafa, bibi. Ni mtani. Amelala mle anangoja kitu chake."

Bibi alisimama, akafungua pindo la khanga, akamwaga karanga mbele ya runinga.

"Shika, mtani," alisema, sauti imekauka kwa kukosa kazi. "Sasa toka humo, mume wangu apate kulala."

Ndipo akalia. Na akiwa bado analia akaanza kucheka, na kibanda kizima kikacheka naye. Jioni ile alikula. Wiki iliyofuata Mwingereza alirudi kijana, anakimbizwa na bata. "Si nilimlipa?" bibi akasema.

Labda kwao wanasema Mtani hakuwahi kupewa nafasi kubwa.

Gari lilinishusha Kasekese alasiri, mahali ambapo sikuwahi kulala. Mama mwenye gesti aliniuliza nimekuja kwa nani. Nikasema sina mtu, nina msiba tu. Akanipa pole, akanipa ndoo ya maji ya kuoga na chumba cha uani. Nikamuuliza kama hapa pana kibanda cha video.

"Video? Nyie wa zamani bwana! Kila mtu na simu yake siku hizi, kaka."

Nilikaa kitandani, mlango wazi. Chumba cha pili kulikuwa na mgeni mwenye spika za masikioni. Alicheka sana, peke yake, kisha akanyamaza, kisha akacheka tena. Nilisikiliza kupitia ukuta. Sikujua anacheka nini.