Mgongo wa Mungu wa Wakunga

Siku yangu ya kwanza karakanani, pale Bertrams, mtaa wa Joburg, sikupewa patasi wala nyundo. Nilipewa kipande cha msasa na mguu wa meza, nikaambiwa niusugue mpaka nikiupitisha shavuni usinikwaruze. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Nilikuwa nimeingia nchi hii na mume wangu, Msauzi aliyeishi uhamishoni Morogoro mpaka siasa za kwao zilipofunguka, na nilijidai mbele ya kila mtu kwamba mimi Mmakonde wa Newala, kuchonga nimezaliwa nako. Msimamizi wa msasa, mama wa Kizulu asiyependa maneno mengi, alinisikiliza hadi mwisho kisha akanipa mguu wa pili.

Ukweli ni kwamba kwetu wanawake hawakuchonga. Baba alichonga, mimi nilifagia vumbi lake. Nilisugua mwaka mzima: unaanza na msasa mkali, unafuata nyuzi za mbao bila kuzikata, unamalizia na msasa laini, kisha unapaka nta ya nyuki kwa kitambaa cha pamba. Siku hizi vijana wana mashine, na kazi zao zinang'aa kama sahani za hotelini. Siwalaumu, ila nawaonea huruma kidogo.

Baadaye nilipandishwa hadi meza ya patasi, chini ya Fundi Mkuu. Alikuwa mzee wa Lubumbashi na tulimwita Shefu. Kwake nilijifunza kushika tezo, kile kishoka cha mkono mmoja cha kutoa umbo la kwanza, na kunoa patasi mpaka inyoe nywele za mkononi. Ukikosea hakukugombeza. Alikuja kusimama nyuma yako mpaka ulione kosa mwenyewe.

Ndipo likaja agizo la hoteli moja kaskazini mwa jiji. Walitaka sanamu za miungu ya Wamaya, watu wa mbali huko Amerika ya Kati, ziwekwe ukumbini kwa wageni. Mwenye karakana alituletea picha tatu: mungu wa mvua, mungu wa mahindi, na bibi kizee ambaye ni mungu wa wakunga. Shefu alikuwa shemasi kanisani kwake, na wenzetu wawili walimuuliza inakuwaje shemasi anachonga miungu. Akawajibu kwamba amechonga viti vya baa miaka kumi na bado hajalewa.

Niliwapenda wale miungu, nasema bila aibu. Wa mvua alikuwa na pua ndefu iliyojikunja, tukamwita Mzee Pua. Wa mahindi alikuwa kijana mwenye kichwa kirefu kama gunzi. Watu wanaoyaheshimu mahindi hivyo, mimi mla ugali nitawaonaje wageni? Yule bibi kizee, mwenye nyoka aliyejizungusha kichwani na mtungi wa maji mikononi, Shefu alinipa mimi, kwa sababu alijua mama yangu alikuwa mkunga.

Wiki ileile zilifika habari kwamba mama amefariki Newala. Sikwenda kumzika. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa yamekwama ofisini, na kama ningetoka, huenda nisingeruhusiwa kurudi kwa mwanangu Thandi. Nililia siku tatu, ya nne nikarudi kazini, maana nyumbani nilikuwa nikizitazama kuta tu.

Nilimaliza uso, nyoka na mtungi kama picha ilivyoonyesha. Nilipogeuza gogo, nikakwama. Nikamuuliza Shefu nyuma yake kukoje.

"Mama Thandi, picha haina mugongo," alisema. "Mugongo iko ya fundi."

Nikachonga mgongo wa mama yangu. Picha ya uso wake ninayo mpaka leo, lakini mgongo wake haukupigwa picha na mtu. Alikuwa na nembo, zile chale za Kimakonde walizochanjwa wasichana wa zamani: safu za mistari ya pembe, kama meno ya msumeno, kutoka mabegani, minazi miwili ubavuni, mmoja kila upande, na kitu kingine chini kiunoni. Nilibebwa juu ya mgongo ule, na nilipokua nilimsugua wakati wa kuoga, kwa hiyo niliujua kwa vidole. Nilichonga siku tisa, na kwa siku hizo tisa mama alikuwepo.

Sasa niwaeleze jambo la kazi. Gogo zima hukauka nje kwanza huku kiini bado kina maji, na sehemu hizo mbili zikivutana, mbao hupasuka. Kwa hiyo sanamu kubwa ya kuegemezwa ukutani hukombwa mgongo, ikawa wazi ndani kama mzinga, ipumue. Ndiyo sheria, hasa Joburg, ambako baridi yake kavu inapasua hata midomo. Shefu aliutazama mgongo niliouchonga. Akasema tuuache bila kuukomba, na sanamu ikipasuka atajibu yeye.

Ikapasuka. Baridi ya kwanza tu, ufa ulianza kwenye paji la uso wa bibi, akarudishwa karakanani kutoka hotelini. Mimi sikuwepo. Makaratasi yalikuwa yametoka, nikawa Newala kwenye kaburi la mama. Niliporudi sanamu ilikuwa imeshapelekwa hotelini, na Shefu aliniambia waliziba ufa kwa gundi na vumbi la mbao, basi. Sikumuuliza zaidi. Miaka michache baadaye alirudi kwao, na huko akafa.

Mimi nilichonga mpaka vidole vilipovimba vikakataa kushika patasi, nikastaafu. Mume wangu naye ametangulia. Kinachonisumbua katika kustaafu si kukaa bure. Ni kwamba mgongo wa mama umeanza kunitoroka. Usingizini nauona wote, nikiamka umebaki nusu. Nilijifariji kwamba upo mahali, kwenye mbao, na siku nikizidiwa nitakwenda kuushika.

Mwaka huu nilizidiwa. Binti yangu Thandi alinipeleka. Anaelewa Kiswahili lakini kukizungumza anaona taabu, na kuhusu bibi yake anajua jina tu. Njiani nilimweleza habari yote. Mlinzi wa hoteli, kijana wa Bukavu, alisikia ninachotaka akakubali, "Sharp, mama, pita," akatupeleka ukumbini. Bibi kizee alikuwa palepale ukutani, na mtungi wake. Kati yake na ukuta kulikuwa na nafasi ya mkono kupita. Nikapitisha mkono.

Ulizama. Hakukuwa na mgongo. Kulikuwa na shimo lililokombwa vizuri, kingo zimepigwa msasa, kazi safi ya mkono wa Shefu. Nilielewa mara moja. Bila vile uso ungepasuka hadi kidevuni, na hata mimi, kama ningekuwa fundi mkuu, ningeukomba. Nilielewa pia kwa nini hakuniambia. Lakini kuelewa hakukunisaidia kitu, nikalia mbele ya wageni na mabegi yao.

Thandi alinikalisha kwenye kochi, akakaa mbele yangu, akanipa mgongo.

"Ma, mgongo yake ilikuwa vipi? Nionyeshe hapa."

Nikaanza juu ya shati lake, kwa kidole. Mistari ya pembe ilitoka mabegani yenyewe, safu kwa safu, kidole hakikusita. Minazi ikaja, wa kulia, kisha wa kushoto. Nikafika kiunoni, kidole kikasimama. Kulikuwa na kitu pale. Nilikisugua kwa sabuni utoto wangu wote, nikakichonga kwa mkono huuhuu, na sikukijua tena.

Thandi akauliza bila kugeuka, "Imeisha, Ma?"

Nikamwambia ndiyo, imeisha.