Vitufe Vitatu vya Seva ya Namuwongo

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi, mwanangu, nimepiga magoti mbele ya kompyuta iliyokaa stoo, nyuma ya birika la chai, na kidole changu kimesimama juu ya kitufe cha kufuta. Ningekibonyeza, dada mmoja asiye na kosa angepoteza kazi, na mimi ningerudi kwangu Kabalagala nikipiga mluzi.

Kwanza ujue maneno haya ni ya nani. Shule niliiacha darasa la tano. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua zilizokufa na kuzilazimisha kuamka. Leo nina karakana ghorofa ya pili, na vijana wenye shahada huniita "ssebo", yaani bwana, wakiniletea mashine zilizowashinda. Sijisifu, nasema kilichopo. Haya, najisifu kidogo.

Siku zile nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Namuwongo karibu na reli, ilinipa seva yake ya barua pepe niitunze. Seva hiyo, kwa asiyejua, ina daftari lake ndani ya diski. Kila barua inayoingia au kutoka huandikwa humo. Unaweza kuiambia iandike makosa tu, au iandike kawaida, au iandike kila kitu. Ni kama askari wa getini: mmoja huandika jina na saa, mwingine huandika mpaka rangi ya shati na jinsi ulivyotembea. Ukitafuta kosa, unamtaka yule wa pili. Lakini ukimwacha aandike hivyo siku nzima, karatasi zinakwisha, na bila karatasi hafungui geti.

Kumbadilisha huyo askari kulihitaji skrini nyeusi na maneno ambayo mimi peke yangu niliyajua. Nami nilihakikisha inabaki hivyo. Nilipokuwa naandika niliukunja mgongo juu ya kibodi kama mtu anayeficha sahani yake. Nilisema moyoni, wakijua wao, mimi wataniitia nini? Wazee walisema mficha uchi hazai, lakini mimi nilidhani hayo ni maneno ya watu wa ndoa.

Basi Ijumaa mteja wa Mombasa akalalamika barua zinachelewa. Nikaipandisha seva iandike kila kitu, nikaliona kosa, nikalirekebisha kwa dakika kumi. Wakanisifu. Nikala rolex yangu, chapati yetu ile ya kukunja na mayai, nikaondoka. Kuishusha nikasahau. Kesho yake nilikwenda Mukono kwenye kwanjula ya binamu yangu, ile siku ya kutambulishwa ukweni, na simu nikaizima. Mtu mkubwa kama mimi haitwi mbele ya wakwe.

Jumamosi hiyohiyo Akinyi, karani wao, Mkenya wa Kisumu, alituma bandarini hati za kontena la mashine za hospitali. Seva ikaipokea barua, ikaiweka foleni, diski ikajaa, barua ikalala palepale. Jumatatu kontena halijatoka na mwenye mali anapiga simu kwa hasira. Bosi, mama wa Kiganda tuliyemwita Nnyabo, aliamini Akinyi hakutuma. Nilipoingia nilimkuta Akinyi anapanga vikombe vyake kwenye mfuko. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari mezani, bado sahihi tu.

Nilipofungua seva nikajua mara moja. Nilichotakiwa kufanya ni kulifuta daftari lote: diski inapumua, barua zinakwenda, na aibu yangu inafutika nalo. Ila ndani ya daftari lilelile ndimo ulimokuwa ushahidi wa Akinyi. Nililijua hilo, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikulijua.

Nyuma yangu akasimama Mzee Abdalla, mlinzi wa geti, amekuja kujaza chupa yake chai. Mnubi huyu alikuwa polisi zamani, kazi yake chumba cha redio kule Naguru.

"Wewe kijana, hiyo unafuta ni kitu gani?"

"Takataka tu, mzee."

Akainama, akasoma skrini polepole kwa kidole. "Takataka gani inaandikwa saa? Mimi nimeandika kitabu ya redio mpaka vidole vimepinda. Kitu inaanza na saa, hiyo ni shahidi. Unaua shahidi?"

Akamimina chai yake bila haraka.

"Msichana iko pale anafunga vikombe," akasema. "Wewe unajua kitu, mimi naona kwa shingo yako. Mwanaume anatoka jasho shingoni asubuhi yote hii kwa sababu ya takataka?"

Nikaupata mstari wenye jina la Akinyi, Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi. Nikaunakili, nikaupeleka mezani kwa bosi.

"Nnyabo, Akinyi alituma. Mimi ndiye niliyeijaza diski."

Nnyabo alisoma, akaikunja ile barua yake mara mbili, akaichana. Kisha akaniangalia.

"Na kama ungekufa huko kwenye kwanjula, sisi tungefanya nini?"

"Tungemzika na pasiwadi zake," akasema Akinyi, mfuko bado mkononi. Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, na niliacha haraka.

Mzee Abdalla akasema toka mlangoni, "Chumba yetu ya redio ilikuwa na swichi, imeandikwa kazi yake juu. Hata mpishi anaweza kubonyeza. Huyu bingwa wenu atengeneze ya namna hiyo."

Mwanangu, niliumia. Lakini siku hiyohiyo nililihamisha daftari, diski ikapumua, hati za kontena zikaenda; kisha nilikaa na Akinyi wiki mbili, nikaandika skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Ikafungua dirisha dogo lenye vitufe vitatu: Makosa Tu, Kawaida, Kila Kitu. Ukibonyeza, inanakili kwanza mpangilio wa zamani, inabadilisha mstari mmoja, inaiambia seva isome upya. Akinyi ndiye aliyesema Kila Kitu kijirudishe chenyewe kwenye Kawaida baada ya saa moja. "Kwa sababu watu husahau, kaka," akasema, akiniangalia sana. Akataka pia juu ya dirisha paandikwe seva ipo kwenye kitufe kipi sasa, na nani aliibadilisha. Mimi na ubingwa wangu wote sikuwa nimeyawaza hayo.

Mara ya kwanza tulimwita Mzee Abdalla ajaribu. Akabonyeza, na juu pakaandikwa: Kawaida, Abdalla. Akavua kofia, akasoma jina lake mara mbili. "Sasa hii ni kazi," akasema, akarudi getini.

Basi sikiliza. Kujua peke yako kunakupa sifa ya siku moja, na siku unayozima simu mwenzako ndiye anayelipa. Kitu ulichokifungua kiache wazi, na ukiandike kwa maneno ambayo mlinzi na karani watasoma. Umekosea? Shahidi usimfute, mpeleke mezani mwenyewe, maana njia ya mwongo ni fupi, na iliyo fupi kuliko zote ni ile inayopita juu ya kazi ya mwenzako. Na anayekukaripia akiwa ameshika chupa ya chai, msikilize. Mimi mwenye karakana nakuambia.

Leo Akinyi ndiye meneja wa ofisi ile, na dirisha letu bado linafanya kazi pale. Mwaka mzima hawajanipigia simu juu ya daftari la seva. Katika sifa zangu zote, na unajua ninazo, hiyo ndiyo ninayoitaja kwanza.

Mungu akupe mikono inayofungua, mwanangu, na siku utakayokuwa mbali na simu umeizima, kazi yako isimame wima bila wewe.