Kilima kisicho na mtu

Juma lililopita nilikuwa kwenye ofisi ya ardhi hapa Bunia, nikingoja zamu nyuma ya mama mjane aliyetaka kununua shamba la mbali, kwenye kilima kimoja upande wa Boga. Karani alimwonyesha kwenye ramani kwa ncha ya kalamu.

"Mama, huku hakuna barabara, hakuna mayi, hakuna courant ya kuwasha taa. Hata mutu haiko."

"Ndiyo maana ninapataka," akajibu. "Kwetu barabara ilipita mbele ya mulango. Wale waliomuua bwana yangu walipitia hapo."

Muzee mmoja akainuka kwenye benchi, akaja kuitazama ile ramani kwa muda mrefu.

"Mama, hapo ni kwetu," akasema taratibu. "Siye tulikimbia vita, tuko kwenye kambi. Hatujauzisha."

Mama hakubishana naye. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia pole, akakusanya karatasi zake na kutoka.

Karani akaita anayefuata. Ilikuwa zamu yangu, na nilikuwa nimekuja kuulizia bei ya kilima kilicho jirani na kile. Nikamwambia nitarudi siku nyingine.