Kilamba cha Yaya Odile

Wengine wakisikia haya huniambia niliota. Niliota nimesimama, miguu ndani ya matope, sabuni mkononi? Mimi nilikuwa pale. Nisikilize kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Nyuma ya nyumba zetu, hapa Likasi, kunapita kijito chembamba ambacho mtoto anakiruka bila shida. Bomba zikikauka, mtaa mzima hufulia pale. Jioni ile nilishuka na nguo za dada yangu mkubwa, yaya Odile. Alikuwa na mimba kubwa, na mume wake alikuwa huko Kamatanda akichimba madini, kwa hiyo nilikuwa nakaa naye. Nilimwacha kitandani, amejifunga kilamba chake, kitenge cha kijani chenye ndege wa njano.

Wanawake wengine walikuwa wameshapanda makwao. Nilifua haraka, maana jua lilikuwa linazama. Nilipoinua kichwa, mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama katikati ya maji, ameshika nguo iliyolowa. Sikuwa nimesikia mtu akija.

“Mama, kuya unisaidie kukamula,” aliniambia kwa upole. “Minye peke yangu siwezi.”

Wewe ungekataa? Nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukaanza kusokota. Maji yakatoka. Tukasokota tena, yakatoka tena, hayapungui. Na niamini ninachokuambia: yalikuwa ya vuguvugu, kama yanatoka mwilini mwa mtu.

“Kaza,” alisema. “Bado kidogo.”

Ndipo nikatazama chini. Kijito kilipita mahali aliposimama bila kugawanyika, kana kwamba pale hapakuwa na miguu. Nikatazama mikono yangu. Kijani. Ndege wa njano, shingo zimepindwa.

“Hii kilamba ni ya nani?” niliuliza.

Akatabasamu. “Weye unaiyua. Kaza!”

Nilitaka kuachia, vidole vikakataa. Ilibidi nijitupe nyuma kwa uzito wangu wote, nikaanguka chali kwenye matope, ndipo vikafunguka. Sikungoja kuona alikoelekea. Niliacha beseni na nguo zote, nikapanda mbio.

Nyumbani nilimkuta jirani yetu, Mama Béa, amemkumbatia Odile.

“Alipiga kelele, nikaruka ukuta,” aliniambia. “Eti watu wawili walikuwa wanamukamula tumbo kama nguo. Sasa hivi tu wamemuachia.”

Kilamba kilikuwa bado kiunoni mwake. Kilikuwa kinachuruzika maji yenye harufu ya matope ya kijito, na Odile hakuwa ameondoka kitandani.

Akafungua macho, akanitazama.

“Mumoja alikuwa weye,” alisema.

Nilimweleza kila kitu, na aliniamini. Mtoto alizaliwa mzima, leo anakimbia uani. Lakini kiuno cha Odile kina alama zilizojizungusha kama kamba, hazijafutika mpaka leo. Nikimsogelea kwa ghafla, hata jikoni, mikono yake inakwenda tumboni yenyewe. Yeye hapendi ifanye hivyo. Mimi hujifanya sikuona.

Basi, ukishuka mtoni na mtu usiyemjua akakupa ncha ya nguo, tazama kwanza nguo yenyewe. Ukiitambua, usiiguse, hata akikulilia. Kimbia nyumbani, uangalie ni nani ameivaa.