Kondoo Mdogo Kuliko Punje ya Mchele

Jumanne, tarehe 14 Oktoba. Mawingu mepesi, upepo wa kubembeleza, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Siku hiyo wageni wa meli yetu walipanga foleni chini ya bahari kupiga picha kipande cha rangi.

Meli yetu ni ya wapiga mbizi. Wageni hula, hulala na kuamka humo humo kwa juma zima, na kazi yao ni kushuka kutafuta viumbe wadogo, hasa koa wa baharini, yaani konokono walioacha gamba wakavaa rangi. Wapo wa madoa, wapo wa mistari, wapo waliobeba vitawi mgongoni kama watu wanaohama nyumba. Wengi hawafiki upana wa ukucha. Mgeni akiachwa peke yake anaweza kuuzunguka mwamba mpaka hewa imwishie asione hata mmoja. Ndiyo maana yupo kiongozi, anayetangulia na kijiti cha chuma. Akiona kitu anagonga mtungi wake, ti-ti-ti, wote wanageuka, naye anaonyesha kwa ncha ya kijiti.

Kiongozi wetu ni shemeji yangu, mume wa dada. Mimi niko chumba cha injini. Yeye wageni walimbandika jina la Jicho, likaganda hata nyumbani. Dada akikasirika tu ndipo anamwita baba watoto.

Alianzia karakana ya boti, kazi ya kuzamia chini ya vyombo vilivyofungwa gatini na kukwangua uchafu ulioota. Wenzake waliona uchafu. Yeye aliona wenyeji wa mle ndani, akawa anawatia kwenye chupa ya jamu na kumpelekea dada, wakati huo bado mchumba. Dada ni fundi cherehani. Siku moja alimtazama koa wa zambarau mwenye pindo la njano, akauliza, "Huyu kashonwa na nani?" Jicho husema ndoa ilifungwa hapo hapo, mengine yalikuwa shughuli tu.

Basi Jumanne ile aligonga mtungi. Juu ya mwamba kulikuwa na kitu cha bluu, kimejikunja, kina ukingo wa njano. Wageni wakapokezana nafasi kwa adabu, kila mmoja na kamera yake. Waliporudi mezani, mgeni mmoja, karani mstaafu wa posta tunayemwita Bibi Kamera, akaikuza picha yake.

"Jicho, mwanangu," akasema, "mbona huyu hana kichwa?"

Nahodha akainama kutazama. Kisha akaenda ubavuni mwa meli, pale tulipokwaruzwa na gati wiki iliyotangulia. Rangi ya bluu, mstari wa njano. Akarudi amebana midomo.

"Huyu koa ni wetu," akasema. "Ametoka hapo nje."

Meza nzima ikaangua kicheko. Jicho naye akacheka, maana meli ile aliipaka rangi kwa mikono yake mwenyewe. "Angalau nilimpaka vizuri," akasema. Lakini sahani yake aliiacha imejaa.

Baadaye nahodha alimfuata nyuma ya meli, mlango wa chumba cha injini ukiwa wazi, nikasikia.

"Mwenzangu, mara moja ni kichekesho. Safari iliyopita ulionyesha uzi wa nyavu. Hawa watu wanafuata macho yako, hawafuati wali wetu. Safari ijayo ikiwa hivi, utaniendeshea boti ya mpira, mbele aende mwingine. Sikufukuzi."

"Nimekuelewa, nahodha."

Boti ya mpira ndiyo inayowapeleka wapiga mbizi mwambani. Dereva wake huwaangusha majini, kisha hukaa juu kuwangoja. Kwa Jicho hiyo ilikuwa sawa na kuwasindikiza watu mpaka mlangoni kwako, halafu ukabaki wewe nje.

Tulirudi gatini kuchukua maji na mafuta, nikapanda naye nyumbani kula. Wanaishi juu ya duka la vifungo. Cherehani ya dada iko dirishani, na ukutani kuna kipande cha sponji kilichochomekwa sindano. Miaka yote ya ndoa, kumtungia dada uzi ilikuwa kazi ya Jicho. Alikuwa anatunga huku anaongea, bila hata kusogeza mkono karibu. Mwaka huu alianza kulalamika kwamba viwanda vinabana matundu.

Dada alimsikiliza habari ya kipande cha rangi mpaka mwisho. Hakucheka. Alichomoa sindano ya kushonea magunia, tundu lake linapitisha njiti ya kiberiti, akampa pamoja na uzi.

"Tunga."

Jicho akarefusha mkono. Akaurefusha tena. Akarudi nyuma na kiti.

"Ukifika ngazini nitakuita," dada akasema.

"Hii sindano..."

"Hii sindano inatumika kushonea gunia la mkaa, baba watoto. Imebanwa na kiwanda gani?"

Akaiweka mezani taratibu. "Wananiita Jicho," akasema. "Nitawaambia nini? Niitwe Miwani?"

"Mimi navaa miwani ya kusomea mwaka wa ngapi huu? Umeona nimeacha kuwa fundi?"

Akafungua droo ya makasha ya nyuzi, akatoa miwani yake ya zamani iliyovunjika mguu, akamvalisha. Jicho akaokota sindano. Uzi ukapita mara ya kwanza. Akaitazama ile sindano muda mrefu kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi.

Shida ni kwamba miwani haivaliki ndani ya maski ya kupigia mbizi. Miguu yake inainua ukingo wa mpira, maji yanaingia. Dada akasema hiyo ni kazi ya kiraka. Vioo vya miwani ile ni vya plastiki. Akavikata kwa mkasi mzito, akasugua kingo, vikawa vipande viwili vya nusu mwezi vya kubandikwa kwa ndani kwenye kioo cha maski. Akamvalisha maski, akashika chaki.

"Naweka chini, kama kawaida."

"Weka juu."

"Watu wote wa miwani ya kusomea wanatazama chini."

"Wewe unashona umekaa, mke wangu. Mimi nafanya kazi nimelala kifudifudi. Mbele yangu ni juu."

Dada akanitazama mimi. Nikatazama sahani. "Haya," akasema, "mteja ni mfalme." Akabandika juu kwa gundi isiyoogopa maji.

Bibi Kamera alikuwa amechukua safari mbili mfululizo kwa ajili ya kiumbe kimoja tu. Ni koa mdogo kuliko punje ya mchele, wa kijani, mwenye masikio meusi na vijicho viwili vilivyokaribiana, uso wa kondoo kabisa. Anaishi juu ya mwani wenye umbo la upawa na manyoya kama blanketi, na anakula hapo hapo alipolala. Bibi alishamtafuta kwenye meli nyingine nyingi. "Mimi posta nimetafuta anwani zisizosomeka maisha yangu yote," alituambia. "Huyu tu ndiye hajafikiwa."

Mbizi ya kwanza ya safari hiyo ilikuwa balaa. Ukiogelea kifudifudi unatazama mbele kwa sehemu ya juu ya maski, na huko sasa kulikuwa na vioo vya kusomea. Dunia yote ya mbali ikawa uji. Jicho aliparamia mwamba alioujua tangu ujana wake, akampiga mgeni mmoja teke, na kila alipotaka kutazama njia ilibidi anyanyue kichwa mpaka shingo ikagoma. Kilipokuja kitu cha karibu, akakiinamia kama mbuzi anayetaka kupiga pembe.

"Leo ulikuwa unapigana na nani kule chini?" nahodha akamuuliza.

"Na mke wangu," Jicho akajibu. "Ameshinda yeye."

Akaja moja kwa moja chumba cha injini. "Shemeji, nipe bisibisi nyembamba. Na usimwambie dada yako."

"Nitamwambia tukifunga kamba gatini tu."

Akabandua vile vipande, akavisugua, akavibandika upya, safari hii chini, juu ya alama ya chaki aliyoikataa. Nikaiweka maski kwenye rafu iliyo juu ya injini, kwenye joto, gundi ikauke sawasawa. Gundi ilichukua siku kadhaa, na siku zote hizo alizamia na maski ya kuazima, haonyeshi chochote, na nahodha akawa tayari anamfundisha mtu mwingine kushika kijiti.

Ikabaki mbizi ya mwisho. Maski ikawa tayari, Jicho akaomba aongoze yeye, na watie nanga kwenye kina kifupi, penye mchanga na mwani tu. Mgeni mmoja akanung'unika kwamba hapo hapana kitu. Mimi nilikuwa juu, nimejiegemeza kwenye reli, nikitazama mapovu yao. Yalikwenda, yakakaa. Yakasogea kidogo, yakakaa tena.

Ghafla ikasikika, kwa mbali, chini ya chuma cha meli: ti-ti-ti.

Kisha nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kutoka majini. Alikuwa Bibi Kamera anapiga kelele ndani ya mpira wa hewa alioung'ata.

Alipotoka hakungoja kuvuliwa mtungi. Aliinua kamera juu kama mtu aliyebeba kombe. Mezani akaikuza picha, akaikuza tena, na kila alivyoikuza yule mnyama alizidi kuwa yeye: masikio, vijicho, mgongo wenye majani. Na si mmoja. Walikuwa wamelala kundi zima kwenye upawa mmoja, wakubwa na wadogo, wanakula.

"Ana kichwa?" nahodha akauliza.

"Ana kichwa, ana uso, na ananitazama!" Bibi akasema, machozi yakichanganyika na maji ya chumvi. "Mchungaji yuko wapi?"

Jicho alikuwa mlangoni, anajifuta. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Badala yake akaja na maski yake, akaiweka katikati ya meza.

"Jicho moja ni langu," akasema. "Hili jingine ni la mke wangu."

Ikapita mkono kwa mkono. Waliojua umri unavyopita walikuwa wengi kuliko alivyodhani. Mgeni aliyenung'unika aliinua kidole chake mbele ya kile kioo, akasoma mistari ya ngozi yake, akauliza fundi anapatikana wapi. Bibi akamwambia akae nyuma, yeye ndiye wa kwanza. Nahodha aliivaa, akatazama saa yake, akaivua, kisha akamkabidhi Jicho kile kijiti.

"Na boti ya mpira?" Jicho akauliza.

"Ina dereva wake."

Jumapili tulifunga kamba. Jumatatu asubuhi, mawingu yamefunga, mvua ya rasharasha, nilipita nyumbani kwao nikamkuta Jicho dirishani kwa dada, amevaa shati la kulalia, na maski ya kupigia mbizi usoni. Alikuwa anatunga nyuzi kwenye sindano zote za ukutani, nyeupe kwa nyeupe, nyeusi kwa nyeusi, huku anaongea.