Mume Wangu Anadhani Nimemlisha Sumu, na Ninachokijua Kuhusu Damu Yake Sijamwambia

Admin, nifiche jina tafadhali, maana mji wetu wa Gisenyi ni mdogo na mama mkwe wangu anashinda kwenye ukurasa huu kuliko mimi. Nina miaka 33, nimeolewa, tunaishi mtaa wa Nengo. Wazazi wangu walirudi nchini kutoka Tanzania, wa mume wangu kutoka Kongo. Nafanya kazi maabara, kwenye utafiti wa saratani ya damu.

Tunaangalia vitu vidogo mno vinavyoitwa maikro-RNA. Vinasaidia kuziongoza chembe changa za damu: hii ikomae, ile iache kuzaana. Vikivurugika, chembe zinaweza kubaki changa na kuongezeka ovyo, na hapo saratani inapata njia. Tulihitaji damu ya watu wenye afya ili tulinganishe na ya wagonjwa, tukaambiwa tulete ndugu zetu. Nikamleta mume wangu. Nilimtoa damu mwenyewe, akinitania kwamba nimemaliza mfuko wake sasa nimehamia kwenye mishipa.

Majibu yalipotoka, namba ya sampuli yake ilikaa upande wa wagonjwa. Nilimkimbilia mkubwa wangu. Akasema, "Hiki ni kipimo cha utafiti, hakithibitishi ugonjwa. Mpaka turudie, usimwambie mtu." Lakini mimi nilikuwa nimeshaona alama za bluu mapajani mwake, na fizi zinazotoka damu akipiga mswaki. Niliogopa, jamani.

Nikamwambia aende hospitali akapime damu kamili. Akaniuliza, "Juu ya nini? We umeona nini?" Nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikoniponza.

Akamwita mama yake. Mama akazitazama zile alama, akanigeukia: "Mutoto yangu alikuwa muzima. Ulimutosha damu, na tangu ile siku iko anaisha. Ile damu uliipeleka wapi?"

Huku kwetu mtu akianza kudhoofika bila sababu, neno la kwanza ni sumu. Na nani wa kushukiwa kama si mke anayeshinda na vichupa?

Jumamosi wanampeleka kijijini Bugeshi kwa mganga wa kutapisha sumu. Unakunywa dawa, unatapika mpaka unaishiwa nguvu. Kama damu yake iko ninavyohofia, haigandi vizuri, na akitapika hivyo anaweza kuvuja damu isikatike. Nimempigia magoti asiende. Mama mkwe akasema, "Bon, mwenye alitia sumu ndiye anaogopa itoke."

Nikisema ninachokijua, watasema nilijua mapema nikaficha, na kwao huo ndio ushahidi. Kazi nayo inaota mbawa. Nikikaa kimya, anakwenda kunywa.

Jana nilimwekea chakula. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kula we kwanza." Nikala. Akanitazama mpaka nikamaliza sahani nzima, kisha akachukua koti akaenda kula kwa mama yake.

Jumamosi ni keshokutwa. Nampenda huyu mwanaume. Ndugu zangu, nishaurini: nitamwokoaje mtu ambaye hawezi tena kupokea hata maji mkononi mwangu?