Gikunda na Bunduki ya Plastiki

"Bunduki haijawahi kuharibikia mkononi mwangu na haitawahi," Stephen Gikunda aliwatangazia watu kama mia mbili katika baraza la chifu pale Mikinduri, "na siku itakayoharibika, mnizike nayo." Watu walipiga makofi. Walikuwa wamekuja kuzungumzia bomba la maji, lakini makofi ni bure.

Gikunda alikuwa na haki ya kujigamba kidogo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa askari wa akiba, akifuata nyayo za ng'ombe walioibwa huku amebeba bunduki ya zamani ya mbao na chuma, nzito kama dhambi ya uzinzi. Alipoirudisha serikalini aliisimulia jinsi wanaume wanavyosimulia mke wa kwanza aliyefariki: ilikuwa na sifa zote, na hakuna aliye hai wa kumbishia. Kisha akaajiriwa kulinda mifugo katika Ranchi ya Mutarakwa, chini ya Mikinduri, kule ambako ardhi inaanza kukauka na fisi wanaanza kuwa na maoni kuhusu mbuzi wa watu.

Mwaka ule wa baraza Muthomi, mwana wa mwenye ranchi, alirithi usimamizi na kununua bunduki mpya. Ilikuja ndani ya boksi lenye picha ya mnyama mwenye pembe kama kiango cha makoti, mnyama ambaye hakuna mtu wa Tigania aliyewahi kumwona wala kudaiwa naye mahari. Ilikuwa bunduki ya kuwindia, katika nchi ambayo uwindaji ulipigwa marufuku kabla Muthomi hajazaliwa. Kazi yake ranchini ilikuwa kelele tu. Unapiga risasi moja juu, na fisi anakumbuka kwamba ana shughuli kwingine.

Gikunda aliizungusha mikononi. Bolti, ile ya kuvuta na kusukuma kila unapotaka kupiga, ilikuwa chuma. Mtutu, chuma. Kitako, plastiki. Kikinga cha kifyatulio, plastiki. Magazini ya kuwekea risasi, plastiki. Aligonga kitako kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Hii ni beseni," akasema. "Nikimgonga fisi nayo kichwani, ataniuliza kama ninamwogesha."

"Bunduki hugongi nayo, mzee," alisema Njuki, mlinzi mwenzake wa miaka ishirini na saba. "Inatoa risasi upande huu. Ona, kuna shimo."

"Wewe umesomea bunduki kwa simu."

"Na wewe ulisomea wapi? Kwa ng'ombe?"

Muthomi alieleza kwa upole wa mtu aliyelipa. Bunduki ni ya bei nafuu, ndiyo, lakini wenye kiwanda waliweka pesa mahali moto unapopita, kwenye mtutu na bolti. Kwingine wakaweka plastiki, ambayo haivimbi kwa mvua wala haiozi kama mbao. Gikunda alisikiliza, akaitikia "sawa bosi", na kwa miezi miwili iliyofuata akamwambia kila mtu kuanzia Mikinduri hadi Maua kwamba Muthomi amenunua beseni lenye mtutu.

Lakini alilitaka beseni hilo. Hapo ndipo palikuwa na taabu. Leseni ilihitaji mlinzi atakayeibeba apite jaribio mbele ya afisa mkaguzi: risasi tano kwa dakika moja, mita mia moja, nne zikiwa ndani ya duara. Atakayepita angebeba bunduki. Atakayeshindwa angepelekwa langoni na rungu na kitabu cha wageni, na wageni wa Mutarakwa walikuwa daktari wa mifugo, kila Jumanne. Gikunda alikiogopa kitabu hicho kuliko simba. Kanisani kwao kulikuwa na Gikunda wanne. Yeye ndiye alikuwa Gikunda wa Bunduki. Bila bunduki angekuwa tu mmoja wa waliobaki, akikaa benchi moja na Gikunda wa Ngiri, na ngiri yenyewe si ile ya porini.

Ana desturi moja aliyotoka nayo kwenye uaskari wa akiba. Jioni bunduki hufungiwa ghalani, lakini bolti na magazini yeye huenda navyo nyumbani mfukoni, maana bunduki bila bolti ni mwiko wa ugali, na mwizi akiiba mwiko acha asonge. Na vikilowa, hukaushwa juu ya uchaga, vile vijiti vilivyofungwa juu ya mafiga jikoni, ambako mkewe Gladwell hukausha kuni na mahindi ya mbegu. Kwa miaka ishirini na miwili vyuma vya ile bunduki ya zamani vililala huko juu katikati ya magunzi, vikatoka vikavu, vyeusi, vyenye harufu ya moshi, na havikuwahi kukwama.

Siku moja kabla ya jaribio mvua ilinyesha kama inayolipwa kwa saa. Gikunda, aliyeshinda akiizoea bunduki mpya bila risasi, alirudi nyumbani akichuruzika maji, akampa mkewe bolti na magazini.

"Weka juu kama kawaida, Mama Kendi."

Gladwell alipima magazini kiganjani. "Na hii nyepesi?"

"Hiyo ni magazini."

"Nilidhani ni mkebe wa mafuta ya nywele. Nayo iende juu?"

"Nimesema kama kawaida."

Chini ya uchaga, sufuria ya githeri ilikuwa motoni tangu saa tisa. Mahindi yalikuwa makavu ya mwaka jana na maharagwe yalikuwa na kiburi, kwa hiyo Gladwell alisukuma kuni za mgunga bila huruma mpaka saa mbili.

Asubuhi magazini ilinuka kidogo, kama kitana kilichopita karibu na mshumaa. Gikunda aliipangusa mafuta. Macho yake ya miaka hamsini na sita yaliona kitu cheusi, na jana pia kilikuwa cheusi, basi.

Afisa mkaguzi alikuwa Afande Regina Nyaga kutoka Embu, mama mfupi mwenye mwavuli na faili, mwenye subira ya mtu ambaye ameona wanaume wengi na bunduki zao na hajavutiwa na yeyote. Gikunda alidai kuanza, kwa heshima ya umri. Akashindilia risasi kwenye magazini. Ya tatu ilisita, akailazimisha. Ya tano aliisukuma kwa dole gumba mpaka shingo ikamtoka mishipa. Akapachika magazini, akavuta bolti nyuma.

Risasi zikaruka juu kama bisi. Moja ilitua juu ya kiatu cha afande.

"Imetapika," alisema Njuki.

Afande Regina aliichukua ile magazini akaigeuza juani. Midomo miwili ya juu, inayoshika risasi zisitoke, ilikuwa imepanuka na kupinda kama ya mtu aliyesikia umbea mzuri.

"Bwana Gikunda, ilitoka dukani hivi?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Gikunda angeitikia tu. Miezi miwili alikuwa akihubiri ubaya wa plastiki, na sasa plastiki imesimama yenyewe kutoa ushuhuda. Muthomi alishatoa simu ampigie muuzaji. Gikunda alifungua kinywa, na neno "ndiyo" likafika hadi kwenye meno. Hapo akaona lilikokuwa linakwenda: bunduki inarudishwa Nairobi, Muthomi anarudishiwa pesa zake, na ranchi inabaki na marungu mawili. Angeshinda ubishi na kupoteza bunduki.

"Ilikuwa juu ya moto, afande."

"Moto gani?"

"Wa jikoni. Iliwekwa uchagani ikauke."

"Juu ya nini?"

Gikunda alitazama milima ya Nyambene, lakini milima haikumsaidia. "Githeri."

Afande aliandika. Hakuinua uso. "Ya mahindi mabichi au makavu?"

"Makavu, afande."

"Kwetu Embu githeri tunatia kitunguu," alisema. "Silaha hatutii."

Njuki alishika nguzo ya ua ili asianguke. "Mzee, kwenye boksi hawakuandika kwamba inapikwa."

"Njuki, nyamaza."

"Imeandikwa ipakwe mafuta tu. Chumvi hawakutaja."

Muthomi alikuwa amewapa mgongo, na mabega yake yalitikisika. Gikunda alingoja wamalize. Hawakumaliza upesi.

"Afande," akasema, "bolti ni nzima na mtutu ni mzima. Naomba nipige bila magazini. Moja moja, kwa mkono."

"Dakika ni ile ile."

"Iwe ile ile."

Alivua kofia, akaiweka chini, akapanga risasi tano ndani yake. Afande akabonyeza saa. Gikunda alivuta bolti, akadondosha risasi ndani kwa vidole, akafunga, akapiga. Tena. Ile bunduki ya zamani isingekubali hivyo. Ilitaka risasi itoke chini kwenye magazini yake, la sivyo ingekusumbua mpaka fisi azeeke. Hii ilipokea kila risasi kama mtoto anayepokea uji. Ya tano aliipiga kwa pupa, sekunde ya hamsini na nane.

Walikwenda kuangalia. Matundu manne yalikuwa pamoja, ungeyafunika kwa kisosi cha chai. La tano lilikuwa nje ya duara, limejitenga kama Mwadventista siku ya Jumapili. Gikunda aliinama akatazama yale manne kwa muda mrefu. Bunduki yake ya mbao haikuwahi kupiga hivyo, hata katika hadithi zake mwenyewe.

"Inapiga vizuri," alinong'ona.

"Sema kwa sauti, mzee. Kule barazani hawajasikia."

"Nimesema inapiga vizuri. Sasa enda upige wewe."

Njuki hakuwa amewahi kulisha bunduki kwa mkono. Video zake zote zilikuwa na magazini. Dakika iliisha akiwa na risasi ya tatu kidoleni. Afande alimwandikia lango.

Gikunda naye aliandikiwa bunduki, kwa sharti kwamba asitoke doria kabla magazini nyingine haijapatikana. Muthomi alisema aliyepika ndiye atakayenunua. Gikunda aliomba angalau itafutwe ya chuma. Muuzaji alijibu kwenye simu, sauti ikiwa wazi wote wakisikia, kwamba kwa bunduki ya aina hiyo magazini za chuma hazitengenezwi, ni plastiki tu.

Nyumbani, Gladwell alikuwa akipepeta maharagwe mlangoni.

"Umepita, Baba Kendi?"

"Nimepita."

"Na ile nyepesi?"

"Imeharibika."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza." Akaketi kwenye kigoda, akavua viatu. "Nyingine inatoka Nairobi wiki ijayo."

"Ni ngapi?"

"Magazini moja ya plastiki ni shilingi elfu kumi na mbili na mia tano," alisema Gikunda, "na wa kulipa ni mimi."